Choo Kisichojaa

Kageha mwanangu,

Umetoka hapa saa nane ukasema unaenda kumuaga Guka Kimani, dakika kumi tu. Sasa ni saa kumi kasoro na chai yako imeshika utando. Mama yako ameenda Dagoretti Corner kubadilisha lile sanduku lenye zipu mbovu, nami nimebaki hapa mezani na kalamu yako, nikisikiliza kama geti litalia. Halilii. Nimetoka nje mara mbili kuangalia. Nikisimama karibu na ukuta naona paa la Kimani na moshi wa jiko lake, maana yake amekupikia. Hata leo, siku yako ya mwisho hapa Mutuini, amepata saa mbili zangu.

Unaona nilivyo. Mtu wa miaka hamsini na nane, anahesabu dakika za mtoto wake kwa jirani. Nilitaka kuianza barua hii kwa baraka kama wazazi wengine, lakini wivu umetangulia. Acha utangulie, kwa sababu habari zake ndizo ninazotaka kukusimulia.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekuandikia kurasa mbili: masweta, dawa ya kifua, na namba ya simu ya mama mmoja wa kanisani ambaye shemeji yake aliwahi kuishi Addis Ababa, hata jina la mtaa hawalikumbuki. Mimi naandika jambo ambalo hakuna mtu mwingine anayeweza kukuandikia. Au tuseme yuko mmoja anayeweza, na ndiyo sababu nina haraka.

Wewe unamjua Kimani babu wa kofia ya sufu, Guka wako, anayekukatia ndizi kabla hujaketi. Mimi nilimkuta akiwa fundi. Nilikuja Nairobi kutoka Vihiga nikiwa na mikono tu, na yeye ndiye aliyenichukua. Kuanzia hapa mpaka mtaa wa Satellite, mtu akitaka kisima alimwita Kimani. Kabla ya kuchimba alifunika sufuria juu ya udongo usiku kucha, na asubuhi akaiinua kuangalia jasho lililoshika ndani. Akaonja udongo, akatema, akapiga kisigino chini na kusema, "Hapa." Na maji yalikuwa hapo. Nami nilijaribu sufuria hiyo hiyo kwa siri, nyuma ya chumba nilichokuwa napanga. Asubuhi nikaiinua nikapata konokono.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Yeye alikaa juu akishika kamba, mimi nilikuwa chini na sururu. Kila asubuhi tuliteremsha mshumaa kwanza. Ukizimika, hewa ya chini ni mbaya, hatuingii. Juu ni udongo mwekundu, futi nyingi za udongo mwekundu, halafu changarawe, halafu lile jiwe la rangi ya majivu ambalo hutoa jasho kabla ya maji yenyewe. Tukifika kwenye maji kulikuwa na desturi. Ndoo ya kwanza safi inapanda, fundi anakunywa mbele ya wenye boma, nao wanapiga makofi, na mama wa nyumba anapiga vigelegele. Fundi alikuwa Kimani. Miaka tisa, Kageha, makofi hayo niliyasikia nikiwa chini, maji yamefika magotini, baridi imeingia mifupani, nikingoja mtu akumbuke kurudisha kamba.

Hakunidhulumu. Alinigawia sawa, alinipa chumba nyuma ya nyumba yake mpaka nikapata hapa petu, na nilipokwenda kwa kina mama yako kuomba mke, yeye ndiye aliyesimama akasema maneno ya upande wetu, Mkikuyu mzima akisemea Wamaragoli. Aliwaambia watu, "Mchimbaji ni Shem. Mimi nashika kamba tu." Walicheka wakidhani ni unyenyekevu, wakampenda zaidi. Afadhali angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamchukia, unakula, unalala. Huyu alinipa kila kitu isipokuwa sababu ya kumchukia, na hilo nalo nikamwekea moyoni.

Halafu Mutuini ikaanza kujaa. Wewe umeikuta hivi, hujui kwamba pale penye gorofa la kijani palikuwa na majani ya ng'ombe, na chini yake nduma mpaka mtoni. Wazee waligawia wana wao mashamba, wana wakajenga vyumba vya mabati, kisha vya mawe, kisha wakaanza kupandisha juu. Wapangaji wakaja, wengi wao watu wetu wa magharibi, na kila mmoja alikuja na haja mbili: maji ya kunywa, na mahali pa kwenda asubuhi. Bomba la maji safi lilifika, likawa linatoa maji siku moja kwa wiki, tena saa za usiku. Bomba la maji taka halikufika kabisa. Mto ukabadilika rangi, watu wakaacha hata kufulia pale. Basi wenye ploti wakawa wanahitaji visima na wanahitaji vyoo, vyote katika kipande kile kile cha ardhi, nami hapo nikaiona njia yangu. Nikamwambia Kimani ninaondoka, naenda kuchimba vyoo.

"Umekosa nini kwangu?" akaniuliza.

"Sijakosa kitu. Nataka kushika kamba yangu."

Akasema, "Sawa. Ila ukiona jiwe la majivu limeanza kutoa jasho, simama, Shem. Rudisha udongo futi kumi, uushindilie, umwambie mwenye ploti ukweli." Hakuwa na haja ya kuniambia. Unajua kwetu jinsi mtu na mama mkwe wake wasivyopita njia moja. Mmoja akija, mwingine anaingia kwenye mahindi. Choo na kisima ni hivyo hivyo. Nililijua hilo kabla hujazaliwa.

Sasa sikiliza. Choo kinachofika kwenye maji hakijai. Kila kinachoingia kinachukuliwa. Wewe umelisoma hilo darasani, lakini huku mtaani halisemwi. Mwenye ploti anachojua ni kwamba jirani yake anaita lori la kunyonya kila baada ya miezi michache, harufu mpaka barabarani, na yeye haiti. Mara ya kwanza ilinitokea kwa bahati mbaya, kule Satellite. Nilizidisha kidogo, maji yakaingia, nikanyamaza. Mwaka ukaisha, yule baba akaanza kunisifu mbele ya watu: "Choo cha Shem hakijai." Sifa ikatembea. Akina mama walinisimamisha njiani, "Fundi wa vyoo visivyojaa ni wewe?" Ni mimi. Nilikuwa nimeshinda chini ya ardhi miaka tisa nikisikiliza makofi ya mtu mwingine, na sasa watu walikuwa wanalitafuta jina langu. Cha pili sikukichimba kwa bahati mbaya.

Wakati huo wewe ulikuwa unatumwa kuteka maji kwa Kimani kila jioni, kama watoto wote wa upande huu. Wenzako walirudi na maji. Wewe ulirudi na maneno. Guka amesema maji hayalali, yanatembea. Guka amesema ukitaka kujua kisima, angalia mti ulio jirani nacho wakati wa kiangazi. Hapa hapa kwenye meza hii, mimi nikila ugali wangu. Kisima kile nilikichimba mimi, Kageha. Kila futi yake ilipita kwenye mabega yangu. Siku moja nikakuuliza, "Kwani baba yako hana la kusema kuhusu maji?" Ukanitazama kwa mshangao wa kweli, ukasema, "Baba, wewe ni wa vyoo." Ulikuwa na miaka tisa, na hukuwa na ubaya wowote. Mama yako alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nilicheka pia, na sikulala.

Mwezi ule ule Mama Shiro aliniita. Ploti yake unaijua, ile ya juu kwenye mteremko, ukuta wake wa chini unapakana na shamba la Kimani. Alikuwa anajenga vyumba kumi na sita. "Baba Kageha," akasema, "mimi nataka kile chako. Kile kisichojaa."

Nilichimba wiki tatu. Kwenye futi arobaini na nane jiwe likaanza kutoa jasho. Nikasimama. Nilisimama kweli, sururu mkononi, nikaangalia juu, mbingu imebaki kiasi cha sahani. Kisima cha Kimani nilijua kiko upande gani hata nikiwa gizani. Nilijua jiwe lile linavyolala na linaelekea wapi. Kisha nikasikia sauti yako, "Baba, wewe ni wa vyoo," nikainua sururu. Kwenye futi sitini na mbili maji yakaja kwa nguvu, safi, baridi. Nikayateka kwa kiganja nikaonja. Yalikuwa maji ya Kimani. Utamu ule ule na ule ukavu kidogo mwishoni, unaobaki kwenye ulimi.

Nitakuambia nilichohisi, maana hiyo ndiyo sehemu ambayo watu huificha wakiungama. Nilifurahi. Kwanza nilifurahi kwamba nimeyapata maji mwenyewe, bila sufuria ya mtu. Ningeweza kupanda nikamwambia Mama Shiro, "Mama, hapa si pa choo, hapa Mungu amekupa kisima kizuri kuliko cha jirani." Angekubali. Angepiga vigelegele nami ningekunywa ndoo yangu ya kwanza. Niliwaza hayo yote nikiwa pale pale chini. Halafu ikaja furaha ya pili, kwamba maji ya Kimani sasa yako mkononi mwangu na yeye hajui. Hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Nikapanda nikasema, "Mama, choo kiko tayari." Akanishukuru sana, akanipa na kuku.

Usifikiri nilifanya kazi mbovu. Lilikuwa shimo zuri kuliko yote niliyowahi kuchimba, kuta zimenyooka, hakuna jiwe linalocheza. Huko uendako utasikia wakisema maji yanaharibiwa na watu wajinga, watu wasiojua. Wapo. Lakini ukikaa nao kwenye mikutano ukumbuke kwamba baba yako alijua, na alikuwa fundi hodari.

Wapangaji walipoingia nikakukataza kwenda kwa Kimani. Nikamwambia mama yako tuchukue maji ya mkokoteni. "Wivu wako sasa tunaulipia kwa mtungi," akaniambia. Nikamwacha aamini hivyo. Wewe pia uliamini hivyo, ulininunia wiki nzima. Na ulikuwa wivu, sikatai, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo lingine, nami nikaona afadhali mniite mwenye wivu kuliko mjue lile la nyuma. Sikuweza kukuambia kwa nini usinywe. Basi wewe ukawa unapita kwa Guka wako ukitoka shule, kwa siri, unakunywa kikombe kimoja, unasikiliza habari za maji, unakuja nyumbani.

Ulipopata taifodi nilikubeba mgongoni mpaka kliniki, miguu yako inanipiga mapajani, mirefu tayari. Daktari akauliza, "Mnakunywa maji ya wapi?" Mama yako akasema ya mkokoteni. Wewe ukafungua macho, midomo imekauka, ukasema, "Kwa Guka." Nilitoka nje nikashika ukuta. Ningeweza kusema hapo. Mke wa Kimani, Mama Wairimu, naye alikuwa amelala kitanda cha pili kutoka chako, na watoto wawili wa wapangaji. Wote mlipona, Mungu ni mwema, na mimi nikachukua kupona kwenu kama ruhusa ya kuendelea kunyamaza.

Wiki hiyo Kimani alikifunika kisima chake kwa zege, kwa mikono yake mwenyewe. Watu walisema pua ya mzee imeisha, hata kisima cha nyumbani kimemshinda. Nilisikia hayo kwa kinyozi, na kanisani, na kwa mwenye duka. Kazi ya visima ikamkimbia. Walioweza wakaleta mashine za kuchimba mbali sana chini, wasioweza wakabaki na mikokoteni. Mimi nilikuwa na kazi mpaka Jumapili.

Sasa tufike kwako. Mwaka jana ulikuja kutoka chuo na chupa zako ndogo na lile boksi la barafu, ukazunguka visima vyote kutoka hapa mpaka Riruta. Nilikutazama ukipiga magoti kwenye matope kuandika jina la kisima juu ya chupa, nikawa na fahari kubwa. Hapo hapo nikawaza, hizo ni kazi za Kimani hizo, mtoto amefuata ya Kimani. Jioni ukakaa mbele yangu na daftari.

"Baba, choo cha Mama Shiro ni futi ngapi?"

"Thelathini. Ikizidi sana, thelathini na tano."

Ukaandika. Hukuniuliza mara ya pili. Ulikuwa umewauliza wenye ploti wengine mara mbili mbili, ukateremsha hata kamba kupima, lakini baba yako hukumpima. Kutokana na namba hiyo ukaandika kwamba choo cha juu hakifiki kwenye maji, kwa hivyo uchafu lazima uliingia kupitia ukuta wa kisima chenyewe, kwa sababu fundi wa kisima hakuujenga vizuri. Ulikwenda ukamsomea Kimani ukilia. Naye akakuambia, "Andika. Kama vipimo vinasema hivyo, andika." Ulikuja ukatusimulia, ukasema hujawahi kuona mzee mwenye moyo kama ule. Na kwenye ukurasa wa kwanza ukanishukuru mimi, kwa jina, kwa vipimo nilivyokupa.

Kazi hiyo ndiyo imekupatia nafasi Addis. Uliniambia ni mji wa juu kama huu wetu, juu zaidi hata, na kwamba miji ya juu haina mtu wa kuiletea maji kutoka juu yake, lazima iangalie chini ya miguu yake. Utasimama mbele ya walimu wao ueleze Nairobi inavyokunywa na inavyojichafulia kikombe. Katikati ya maelezo hayo iko namba yangu ya uongo, na mzee asiye na hatia ameibeba.

Ningekaa kimya hata hivyo. Jua hilo. Kilichonifungua mdomo ni Jumapili iliyopita. Kimani alikuja baada ya ibada na lile sweta ambalo mkewe amekufumia. Ulikuwa ndani na mama yako mkipima nguo, nami nikamzuia hapo getini, kama kawaida yangu.

"Shem," akasema, "mtoto anaenda."

"Anaenda."

"Lile shimo la Mama Shiro. Ulimwambia mtoto futi thelathini."

"Na tano."

Hakukasirika. Aliangalia viatu vyake. "Udongo wako ulimwagwa barabarani mbele ya kanisa, kuziba mashimo. Mama Wairimu alipougua nilienda nikauchokora kwa fimbo. Ulikuwa na jiwe la majivu, Shem. Lile la chini kabisa. Futi thelathini hapa kwetu ni udongo mwekundu mtupu, wewe unajua kuliko mimi."

Miaka yote hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakusema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyedhulumiwa.

"Ningesema, ungehama na mtoto," akanijibu. "Wangu wote hawataki habari za udongo. Nilikuwa na mtu mmoja tu anayenisikiliza." Kisha akanipa sweta mkononi. "Mimi sitamwambia. Asafiri kwa amani. Lakini baba yake ni wewe."

Akaondoka polepole na fimbo yake, nami nikabaki hapo na sweta. Kageha, wivu niliousikia pale haujawahi kunipata hata siku za makofi. Alinishinda kutafuta maji. Alinishinda kwako. Sasa hata kunyamaza amenishinda: mimi nilinyamaza nijifiche, yeye alinyamaza asikupoteze. Nililala nikiwaza kwamba siku moja, ukiwa mtu mzima, utamuuliza, naye atakuambia taratibu, kwa maneno mazuri yake yale, na wewe utalia begani kwake. Nikaona siwezi kuvumilia hilo. Ningependa kukuambia ni dhamiri iliyoshika kalamu hii. Dhamiri imekaa ndani yangu tangu ukiwa mtoto na haikuwahi kutafuta hata karatasi. Ni wivu. Nataka mara moja maishani usikie jambo la maji kutoka kwangu kabla hujalisikia kwake.

Huenda huko ukakutana na mtu anayeifanya kazi yako vizuri kuliko wewe, tena bila kujikaza. Sijui nikuambie ufanye nini naye, maana mimi nilishindwa. Labda umwambie. Mimi sikuwahi kumwambia Kimani kwamba makofi yale yananiuma kule chini. Nafikiri angenipandisha juu siku hiyo hiyo, angeshuka yeye. Ni mtu wa namna hiyo, na labda ndiyo maana sikumwambia.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya masweta, uikute Addis. Nimeiangalia mipango hiyo nikaona ni ile ile ya zamani, kufukia kitu na kwenda zangu. Utaisoma leo. Kazi yako uirekebishe. Andika futi sitini na mbili, andika kwamba ukuta wa kisima cha Kimani haukuwa na kosa, andika na mchimbaji wa choo ni nani. Walimu wakisema kazi imeharibika na nafasi wakaichukua, nitakuwa nimekunyang'anya kitu ambacho hakuna mkono wa kukirudisha, na utakuwa na haki ya kuniambia hivyo mbele ya mtu yeyote. Nyuma ya karatasi hii nimeandika ploti nyingine ninazozikumbuka, kutoka hapa mpaka Satellite, na urefu wa kila shimo. Ni kumi na moja. Vipimo hivyo ni vya kweli. Kwa Mama Shiro nitakwenda mwenyewe wiki hii. Atanifokea mtaa mzima usikie, na ana haki, lakini vyumba kumi na sita vitakwenda wapi asubuhi kile choo kikifungwa, hilo sina jibu lake. Na kuna jambo moja nataka kukuuliza, nami sijawahi kukuuliza kitu cha kazi yako. Maji yaliyoharibiwa hivyo, yakiachwa yapumzike, huwa yanarudi kuwa mazuri? Yanachukua muda gani?

Geti limelia sasa hivi. Nikasimama haraka, kumbe ni mama yako na sanduku.

"Unaandika nini?" ameniuliza.

"Barua ya mtoto."

"Na mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Kwa Kimani."

"Bado?" Ameangalia saa, ameniangalia mimi, akakaa akavua viatu. "Si umfuate, badala ya kumwandikia kama yuko ng'ambo tayari."

Basi naja. Miguu hii haijaingia kwenye boma la Kimani tangu alipokifunika kisima. Barua hii nitakupa hapo hapo mbele yake, na yeye akitaka kuisoma, aisome. Sitakaa hapo nikitazama uso wako. Nitasimama nje karibu na lile zege.

Kesho nimekukodia teksi, kwa sababu Kimani ameomba mara mbili akupeleke uwanja wa ndege kwa pikapu yake na mara mbili nimemkatalia. Ukimaliza kusoma, kama hutaki kukaa na mimi ndani ya gari moja, mwambie akupeleke yeye. Nitaona wivu, sitakudanganya tena. Lakini geti nitawafungulia mimi.

Baba yako,
Shem